Magoti Yangu na Pete ya Koboko

Jumatatu, 7 Novemba 1994. Mvara, Arua.

Kosa la watu wengi wanaoanza mpira wa kikapu ni kudhani kwamba mpira hurushwa kwa mikono. Si kweli. Mpira hurushwa kwa magoti. Mikono huuelekeza tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Nimesoma hayo leo katika kitabu kidogo cha michezo kilichonusurika na panya, nikayaelewa mara moja. Kuelewa haraka ni kipaji changu tangu utoto.

Sababu ya kusoma ni barua kutoka Koboko. Parokia ya huko imejenga uwanja wa mpira wa kikapu. Utafunguliwa Jumamosi ya tarehe 19. Kamati inaomba mrusho wa kwanza urushwe na "Mwalimu Draku, aliyecheza mchezo huu uhamishoni".

Kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu, niseme ukweli. Kule Yei, Sudan, mwaka 1982, sikucheza. Niliandika magoli ubaoni. Chaki na mpira vilikuwa katika uwanja mmoja, na kila mwaka tangu turudi nyumbani tofauti kati ya viwili hivyo imezidi kupungua ninaposimulia. Binti yangu Driciru, aliyeolewa Koboko, ndiye aliyewaambia wanakamati. Maskini anaamini.

Ningeweza kukataa. Nimekubali kwa sababu ya Poni.

Poni ni mtoto wa Driciru. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Sijamwona hata siku moja! Wa kulaumiwa ni babu yake wa upande wa pili, mkwe wangu Yakani, fundi wa kuchomelea vyuma, zamani dereva wa jeshi. Mtoto alipozaliwa aliniandikia barua ya furaha. Nikaisoma. Makosa thelathini na moja. Nikayasahihisha kwa wino mwekundu, nikampa alama nne kwa kumi, nikaandika chini "Jitahidi", nikamrudishia. Mwalimu mwingine angempa mbili. Hakushukuru. Alituma neno kwamba Mwalimu ataona mjukuu siku atakapokuja kuomba radhi mbele ya watu. Mke wangu Ocokoru amekwenda kumwona mtoto mara tatu. Marufuku ni yangu peke yangu. Na kalamu yangu nyekundu Ocokoru aliitupa chooni.

Siombi radhi kwa kusahihisha. Mpango ni huu: nafunga mrusho wa kwanza, vigelegele vinapaa, Yakani anaona haya, ananijia mwenyewe na mtoto mkononi. Nina siku kumi na mbili. Zinatosha!

Jumanne, 8 Novemba

Nimeanza mazoezi. Nyumbani hatuna pete, lakini mchezo unaitwa wa kikapu, na kikapu tunacho. Nimetundika cha Ocokoru kwenye ukuta wa jiko, futi kumi kutoka chini. Nimepima kwa rula ya darasani, mara kumi. Mpira ni wa miguu, wa vijana wa kanisa, nusu ya upepo umetoka.

Kitabu kinasema mwanafunzi asimame hatua moja kutoka kwenye pete, afunge kumi, ndipo arudi nyuma hatua nyingine. Huo ni utaratibu wa watoto. Nimeanza hatua sita.

Mirusho thelathini. Mmoja tu ulifika mahali: ulipita dirishani ukatua ndani ya sufuria ya maharage. Ocokoru ameuliza kama hilo linahesabiwa. Nimemweleza kanuni. Ameondoka kabla sijafika kanuni ya tatu.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimekwenda uwanja wa misheni kumtazama Celestina. Huyu ni mkimbizi kutoka Sudan, alikuwa mwalimu wa michezo huko Yei, na sasa huwafundisha wasichana wetu kila Jumanne na Alhamisi. Nilisema nimekuja kukagua. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mzee, mimi iko najua wewe," akasema.

Nikajibu kwamba huenda tulikutana uwanjani. Akasema ndiyo, hasa uwanjani. Mimi ndiye yule mwalimu wa Uganda aliyesimamisha fainali ili aandike upya jina la timu yao ubaoni, kwa sababu lilikuwa limepinda. Hajaona mtu mwingine wa namna hiyo, Sudan wala Uganda.

Nimemwomba asiliseme hilo. Amekubali kwa sharti kwamba nifuate amri zake. Ana tatu tu. Macho yakae kwenye pete. Kiwiko kikae chini ya mpira, na mkono ubaki juu baada ya kurusha, kama mtu aliyeweka kitu juu ya kabati. Ya tatu: kunja magoti.

Nimekubali mbili za kwanza. Ya tatu nimemweleza kwa utulivu kwa nini haiwezekani. Kwetu mwanamke ndiye apigaye goti akisalimia. Mwanamume wa miaka sitini na moja akikunja magoti hadharani, hasa mbele ya wakwe, watu huelewa jambo moja tu: amekuja kujishusha.

"Mpira haijui mambo ya kwenu, Mzee," akasema. "Mpira inajua magoti."

Nimewachorea wasichana mwendo wa mpira hewani kwa chaki, kwenye ukuta wa stoo, pamoja na pembe zake. Nusu saa. Mmoja aliomba ruhusa kwa adabu, akarusha, akafunga. Bahati.

Ijumaa, 11 Novemba

Kikapu cha Ocokoru kina kasoro ya kimsingi: kina kitako. Kila mpira ukiingia (mara mbili hadi sasa) hukaa humo kama kuku anayeatamia, na mimi nautungua kwa ufito. Nimekata kitako kwa kisu. Kazi safi. Nikakirudisha mahali pake, nikaenda kunywa chai.

Nimesahau kumwambia mwenye kikapu.

Ocokoru alikishusha mchana, akakiweka kwenye mkeka, akakijaza simsim ya kupeleka kwa dada yake huko Dadamu. Akakiinua.

Simsim ni mbegu ndogo sana. Hilo nimelijua leo kwa kina, nikiwa nimeinama uani na ufagio. Kuku wa Mvara yote walihudhuria.

Jumapili, 13 Novemba

Aibu! Jana, nikidhani niko peke yangu, nilijaribu amri ya tatu nyuma ya jiko. Goti moja tu, kidogo tu. Juu ya ua kikatokea kichwa cha Anguyo, jirani yangu, karani mstaafu wa mahakama, mtu asiyekuwa na kazi ila kazi zangu.

"Mwalimu! Unamsalimia nani? Jiko?"

Leo njiani kwenda kanisani habari ilikuwa imenitangulia. Mzee mmoja aliuliza kama jiko langu limeitikia. Baada ya ibada Anguyo alisema atakuja Koboko kunishangilia. Kisha akasema, akiwatazama ndege, kwamba ikiwa kwa bahati mbaya nitaugua siku hiyo, yeye ana kaptula iliyokwisha kupigwa pasi.

Sasa najua anachokitaka. Hatakipata. Magoti hayakunjwi tena.

Jumanne, 15 Novemba

Nimewaza hivi: magoti humpa mrushaji kimo. Kimo kinaweza kupatikana kwa njia nyingine. Nikaenda kwa fundi wa ndara za matairi na kumwomba aongeze soli. Akaongeza moja. Nikamwomba ya pili na ya tatu. Akauliza kama navuka mto.

Nimezivaa uani. Kimo kiliongezeka inchi tatu na nusu. Nilijiona mtu wa timu ya taifa. Nikarusha, mguu wa kulia ukabaki mahali pake, mimi nikaendelea.

Goti limevimba. Ocokoru amelikanda kwa maji ya moto, kwa nguvu kuliko ugonjwa ulivyohitaji. Amesema kuna njia fupi ya kumwona Poni na haina mpira ndani yake. Ni kufunga safari, kusema neno moja, na kunywa chai. Nimemweleza tofauti kati ya njia fupi na njia sahihi.

"Baba Driciru," akasema, "huyo mtoto ataota meno yote, wewe bado unaeleza."

Maneno hayo sikuyapenda. Nimeyaandika ili nisiyakumbuke.

Alhamisi, 17 Novemba

Siku kubwa!

Nilimwendea Celestina nikichechemea. Nilimwambia mambo yameharibika. Aliwaamuru wasichana wageuke watazame ukuta. Akafunga lango. Akanisimamisha hatua moja kutoka kwenye pete, hatua moja, kama mtoto wa chekechea.

"Sasa. Hakuna mutu anaona. Kunja."

Nikakunja. Goti lililalamika. Nikanyanyuka, mkono ukabaki juu ya kabati, na mpira ukaenda wenyewe, bila mimi, ukaingia katikati ya pete kama uliokuwa ukikaa humo. Sijui niandikeje. Nilisimama na mkono juu mpaka Celestina akaniambia nishushe.

Wasichana wakapiga makofi. Kumbe walikuwa wamegeuka tena.

Mirusho arobaini, saba imeingia. Kutoka mstari wa mrusho huru, mmoja. Koboko nahitaji mmoja.

Nimepata pia dawa ya suala la heshima. Nitakunja kwa kasi, watu wasione. Kukunja kwa haraka si kukunja.

Ijumaa, 18 Novemba. Koboko.

Tumefika kwa pikapu iliyobeba chumvi: mimi, Ocokoru, Celestina na mpira wake mapajani, na Anguyo na kaptula yake ndani ya bahasha ya mahakama. Vumbi limetufanya sote tufanane. Mashimo ya barabara yote yamepitia kwenye goti langu.

Nikaenda moja kwa moja uwanjani na futi kamba. Pete imechomelewa na Yakani kutoka chuma cha lori bovu la jeshi. Nilikuwa na mawazo yangu. Pete ikiwa na kasoro, nitatangaza kasoro hiyo kabla ya kurusha, na lolote litakalotokea baadaye litakuwa na maelezo. Nikapanda ngazi. Nikapima. Inchi kumi na nane kamili, kila upande. Maungio laini, hayagusiki kwa kidole.

Yakani akapita nikiwa huko juu. Hakuniangalia. Alizungumza na nguzo.

"Kuna watu hawezi kuona kitu bila kutafuta makosa yake."

Nikaiambia ngazi kwamba pete iko sawa. Nilitaka kuongeza kwamba kazi ni nzuri sana. Maneno yalifika kooni yakakaa. Alipoondoka yakatoka, lakini hapakuwa na mtu ila mbuzi.

Mbali, upande wa kisima, nilimwona Driciru na mtoto mgongoni mwenye gauni la njano. Mtoto alikuwa akipunga mkono kwa kila kitu: mbuzi, baiskeli, nguzo. Akanipungia na mimi. Hanijui. Alinipungia kama alivyompungia mbuzi.

Nimeketi kidogo kwenye ngazi. Goti.

Jumamosi, 19 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Uwanja ulijaa tangu saa tatu. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, wakimbizi kutoka ng'ambo wamesimama nyuma kwa sababu wao ni warefu na wanaona. Wageni wa heshima waliwekwa viti nyuma ya pete. Katikati yao, chini ya pete yenyewe, alikaa Yakani na koti lake la Pasaka. Mapajani mwake Poni. Kwa hiyo kutazama pete kulikuwa kuwatazama wao.

Nilitoa maelezo mafupi kuhusu mchezo. Dakika ishirini na tano. Nilipofika kwenye pembe, mwenyekiti wa kamati alinipa mpira.

Nikasimama kwenye mstari. Macho kwenye pete. Kiwiko chini ya mpira. Nikasikia sauti ya Anguyo ikisema Mwalimu ametoa jasho. Nikakunja, kwa kasi, kama nilivyopanga.

Goti likalia ko!

Likakataa kurudi. Nilikuwa nimefika chini na njia ya juu ilikuwa imefungwa. Nikaanguka mbele kidogo, goti la pili nalo likagusa ardhi. Ili mpira usiniponyoke niliushika kwa mikono miwili na kuunyoosha mbele yangu. Kwa maumivu nikainamisha kichwa. Nikabaki hivyo.

Sikuona jinsi nilivyoonekana. Ocokoru amenieleza. Anasema nilionekana kama mzee wa Mvara aliyetoka Arua na vumbi lake, akapiga magoti mawili mbele ya mkwe wake, mbele ya Koboko nzima, kichwa chini, na zawadi mikononi.

Kisha bibi mmoja akapiga kigelegele, chembamba, na upande wote wa wanawake ukamfuata.

Nikaona viatu vya Yakani. Nikanong'ona: "Goti! Goti!"

"Nimeona, mkwe," akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika. "Nimeona. Imetosha. Simama."

Akanikamata kwapani akaninyanyua. Mikono ya fundi chuma! Goti likarudi mahali pake kwa kishindo, nikatoa machozi, naye akayaona, akatoa ya kwake. Akasema kwa sauti ya gwaride, wote wasikie, kwamba yeye pia iko na makosa, kwamba amemfunga mtoto mdogo kama mfungwa kwa sababu ya karatasi. Akaupokea mpira kwa mikono miwili, akaenda kuuweka chini ya kiti chake.

Hapo ndipo shida nyingine ilipoanza. Refa akaja kuuomba mpira ili mechi ianze. Yakani akamuuliza yeye ni mtu wa wapi, na kama huko kwao kitu kilichotolewa kwa magoti hudundwa chini. Kamati ikambembeleza. Akakataa katakata. Mtu akapanda baiskeli kwenda kutafuta mpira wa pili. Dakika arobaini.

Ulipokuja, mrusho wa kwanza akaurusha Anguyo na kaptula yake. Alitumia mikono mitupu. Mpira ulimpiga mcheza ngoma. Nilimwendea na kumweleza kwa upole habari ya magoti.

Lakini kabla ya hayo Driciru alikuja na Poni, akaniwekea mapajani. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Alinivua miwani akaijaribu kwa meno. Ana manane juu na saba chini, la nane linakuja. Kisha akalala na miwani mkononi. Ocokoru anasema kwa robo saa nzima sikueleza kitu chochote, na yeye alikuwa akihesabu.

Jumapili, 20 Novemba

Baada ya misa Yakani alitukaribisha chai. Mpira uko juu ya kabati lake, juu ya kitambaa cha kufuma.

Nimetathmini mpango wangu na kuona umefaulu kwa kila kipengele. Nilisema Yakani ataona haya na kunijia mwenyewe. Alikuja mwenyewe. Nilisema kutakuwa na vigelegele. Vilikuwepo. Suala la mpira kuingia kwenye pete lilikuwa jambo la njiani tu.

Celestina amenipongeza kwa unyenyekevu wangu. Nikamweleza faraghani kwamba halikuwa jambo la unyenyekevu, lilikuwa goti la ndara za matairi. Akauliza kama aende akamwambie Mzee Yakani hivyo. Nikasema hakuna haraka.

Akanitazama tena kwa muda mrefu.

"Mzee, hiyo goti iko na akili kuliko wewe."

Nimemsamehe. Ni mgeni. Poni na mama yake watakuja Mvara kwa Krismasi, wiki mbili! Yakani mwenyewe atawaleta.

Jumatatu, 28 Novemba. Mvara.

Barua kutoka Koboko! Yakani ameandika kwa mkono wake, kurasa mbili. Anasema goti langu anaomba Mungu alitazame. Anasema Poni sasa anasema "babu" na kuonyesha kidole mpira ulio kabatini. Anasema hajawahi kuwa na ndugu mkubwa, na kwamba tangu siku ile anaona amempata.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya pili ilibidi nifute miwani.

Mara ya tatu nimehesabu. Makosa kumi na tisa. Kutoka thelathini na moja! Mtu huyu anajitahidi, na hakuna aliyemwambia. Yule asiyesahihishwa atajuaje kwamba amesonga mbele? Nafikiri saba kwa kumi. Saba na nusu, kwa ajili ya ile sehemu ya ndugu. Na chini yake nitaandika "Maendeleo mazuri sana", ili aone kwamba sina kinyongo.

Ocokoru amekwenda Dadamu na kikapu kipya. Pikapu ya Koboko huondoka saa nane.

Cha kufanya leo: kanunue kalamu nyekundu.